Je, Wajua? Ngome Iliyobaki Chini ya Mji wa Burghead

Je, wajua kwamba ngome kubwa kuliko zote ambazo Wapikti walijenga rasini ilibomolewa na mafundi waliokuja kujenga nyumba? Burghead ni ulimi wa nchi unaochomoza katika Ghuba ya Moray, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Kati ya mwaka 1805 na 1809 mji mpya ulipimwa hapo, mitaa ikanyooshwa, bandari ikajengwa, na kuta tatu zilizoikata rasi na bara zikasawazishwa na ardhi pamoja na mahandaki yake. Zaidi ya nusu ya ngome iliondoka hivyo, na kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba hakuna cha maana kilichobaki chini. Ardhi ilikuja kuwakosoa.

Je, wajua Wapikti ni akina nani? Ni wenyeji wa kaskazini mwa Britania ambao Warumi waliwataja kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 297 BK. Hawakuacha kitabu chochote cha historia walichoandika wenyewe. Habari zao tunazipata kwa majirani na maadui, katika orodha za wafalme, katika mawe waliyochonga na katika udongo. Kwa watu wa namna hii, mwiko wa mwanaakiolojia ni shahidi mkubwa kuliko kalamu.

Je, wajua kwa nini watu wa kale walipenda kujenga ngome kwenye rasi? Pande tatu zinalindwa na bahari na magenge, na kazi ya binadamu inabaki kwenye shingo peke yake. Chimba handaki, inua ukuta, na umejitenga na bara. Burghead ilikuwa na mistari mitatu ya ulinzi shingoni, kisha ndani yake nyua mbili zenye kuta zake, ya juu na ya chini. Jumla ya eneo ni kama hekta 5 na nusu.

Je, wajua kwamba hata Julius Caesar alitolewa jasho na ngome za aina hii? Mwaka 56 KK alipigana na Waveneti, mabaharia wa Brittany katika Ufaransa ya leo, na taabu yake aliieleza mwenyewe kwa maandishi. Miji yao ilikaa kwenye ncha za rasi. Maji yakijaa, askari wa miguu hawapiti. Yakipwa, merikebu zinakwama. Warumi walijenga matuta makubwa ya kuzuia bahari mpaka wakakaribia kufika kwenye ukuta. Hapo Waveneti walileta merikebu zao, wakapakia watu na mali, wakahamia rasi nyingine, na Warumi wakaanza kazi upya. Hatimaye walishindwa baharini, pale askari wa Kirumi walipofunga miundu kwenye miti mirefu na kukata henza za adui, foromali zikaanguka na matanga yake. Kwa vita vile vya majini, watu waliojua kujaa na kupwa kwa maji kuliko dola nzima ya Roma walikwisha.

Turudi Burghead. Je, wajua kwamba umbo la kuta zilizobomolewa tunalijua kwa sababu ya mwanajeshi mmoja mpenda ramani? William Roy aliipima rasi hii katika karne ya 18, kabla ya wajenzi kufika, na ramani yake ilichapwa mwaka 1793, miaka 3 baada ya kifo chake. Yeye aliamini kabisa kwamba alikuwa anachora ngome ya Warumi. Alikuwa amepotoshwa, kama wasomi wengi wa zama zake, na hati iliyotolewa na Charles Bertram, Mwingereza aliyeishi Copenhagen. Bertram alidai kwamba ni maandishi ya mtawa wa kale yanayoeleza Britania ya Kirumi, akayachapa mwaka 1757, na ilichukua karibu karne nzima kabla ya kuthibitika kwamba aliyaghushi. Maelezo ya Roy yalichanganyikana na uongo huo. Vipimo vyake vya ardhini havikuchanganyikana na kitu, na mpaka leo ramani yake ndiyo inayotumika kueleza zile kuta tatu zilikuwaje. Mtu aliyepima kwa uaminifu huacha kitu cha kutumika hata pale anapokosea maana yake.

Je, wajua ukuta wa ndani ulikuwa na ukubwa gani? Unene wa mita 8 hivi na kimo cha mita 6. Ulikuwa wa mawe, na ndani yake yamelazwa maboriti ya mwaloni yaliyopigiliwa misumari mirefu ya chuma. Mfano huo ni adimu sana nchini Britania. Kwa kawaida maboriti ya ukuta kama huo yalishikana kwa uzito wa mawe peke yake. Fikiria chuma kilichotumika. Kila msumari ulitoka mikononi mwa mfua chuma, kwa nyundo na makaa, na ukuta ulikuwa na misumari isiyohesabika. Aliyeamuru kazi hiyo alikuwa na watu, misitu na mali.

Je, wajua kwamba moto ulioiangamiza ngome ndio uliohifadhi siri zake? Mbao zikizikwa huoza zikaisha. Zikiungua zikawa mkaa hubaki, kwa sababu vijidudu vya udongo havina cha kula ndani ya mkaa. Burghead iliteketea kwa moto mkubwa mwishoni mwa maisha yake, wakati wa mashambulizi ya Waviking, na wachimbaji wa leo wanakuta maboriti yaliyoungua yangali mahali yalipolazwa, yakionyesha jinsi fundi alivyoyapanga.

Mkaa huo pia unatoa tarehe. Kila kiumbe hai huingiza mwilini kaboni 14, na kikifa, nusu ya ile iliyomo hupotea katika kila miaka 5,730. Ukipima kilichobaki unajua kifo kilitokea lini. Mwaloni, hata hivyo, una mtego. Kiini cha mti mkubwa hukoma kupokea kaboni mpya zamani sana kabla mti haujakatwa, kwa hiyo boriti linaweza kudai umri mkubwa kuliko ukuta wenyewe. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu huacha boriti kubwa la kupendeza akachukua kijiti, punje ya nafaka au ganda la kokwa, kitu kilichoishi muda mfupi.

Je, wajua kwamba kitu cha thamani kuliko vyote Burghead ni jaa la takataka? Chuo Kikuu cha Aberdeen, chini ya Profesa Gordon Noble, kilianza kuchimba hapa mwaka 2015, na miongoni mwa walivyovikuta ni matabaka ya taka za nyumbani: mifupa ya wanyama, mabaki ya chakula, pini za mfupa za kubania nywele na nguo. Udongo wa sehemu kubwa ya Uskoti ni mchachu, na hula mifupa ikaisha kabisa. Hapa imebaki. Kwangu mimi, pini iliyodondoka kutoka nywele za mwanamke wa miaka 1,200 iliyopita ina mengi ya kusema kuliko taji. Taji linaweza kunieleza mfalme alivyotaka kuonekana. Pini na mfupa wa ng'ombe vinanieleza watu waliamka vipi, wakala nini, na kwamba ndani ya ngome hii waliishi watu, wake kwa waume, wala haikuwa kambi ya askari tupu.

Je, wajua kwamba mwaka 2017, ndani ya mabaki ya nyumba ndefu, ilipatikana sarafu ya Mfalme Alfred? Huyu ni Alfred aliyetawala Wessex, kusini kabisa mwa Uingereza, kuanzia mwaka 871 hadi 899. Sarafu yake kufika rasi hii ya kaskazini kunaonyesha mkondo wa biashara, zawadi au uporaji uliovuka kisiwa kizima. Isitoshe, sarafu ni tarehe: sakafu iliyokuwa na fedha ya Alfred ilikuwa bado inakanyagwa katika siku zake au baada yake.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2006 vitabu vingi viliweka dola kuu ya Wapikti mahali pengine? Dola hiyo iliitwa Fortriu, na wanahistoria walizoea kuiweka kusini, upande wa Perthshire. Mwaka huo Alex Woolf wa Chuo Kikuu cha St Andrews alisoma upya maandishi ya kale na kuonyesha kwamba Fortriu ilikuwa kaskazini, pande za Moray. Mfalme wake Bridei ndiye aliyemuua Ecgfrith, mfalme wa Northumbria, vitani mwaka 685. Hoja ya Woolf iliigeuza Burghead. Ngome iliyoonekana kuwa pembezoni mwa habari ikawa katikati ya dola, na ukubwa wake wa ajabu ukapata sababu.

Je, wajua kuhusu mafahali? Wajenzi wa karne ya 19 walipokuwa wakibomoa, walikutana na mawe yapatayo 30 yaliyochongwa picha ya fahali, mmoja kwenye kila jiwe. Mchongaji ametumia mistari michache tu: shingo nene, kichwa kilichoinama, bega linaloviringika, kwato zilizokanyaga chini kwa uzito. Ng'ombe anasimama mbele yako akiwa na hasira. Hakuna mahali pengine popote palipotoa mafahali wengi namna hii. Wamebaki 6 tu. Wengine inadhaniwa waliingia kwenye kuta za bandari, sura zao zimegeukia ndani, na hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Waliobaki wametawanyika: 2 wako Burghead kwenyewe, 2 katika jumba la makumbusho la Elgin, mmoja Edinburgh, na mmoja London katika British Museum, ambako msomaji wetu aliyeko huko anaweza kuingia bila kulipa kiingilio.

Walichongwa kwa ajili gani? Wengine wanasema ibada, wengine wanasema nembo ya ukoo wa kifalme iliyobandikwa ukutani ili mgeni aione kabla hajaingia. Mimi naelemea nembo. Mawe 30 yenye mnyama mmoja yanafanana na tangazo la mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba kisima cha ngome kiligunduliwa kwa sababu ya kiu? Mwaka 1809 wakazi wa mji mpya walikuwa wakitafuta maji. Walichimba mahali palipoonyesha dalili, wakafikia ngazi zilizochongwa kwenye mwamba zikishuka gizani. Chini yake kuna chumba chote cha jabali, kina upana wa karibu mita 5, kina njia ya kupita pembeni, na katikati tangi la maji. Watu wa 1809 walikichimbua zaidi na kukirekebisha ili kiwafae, kwa hiyo wakafuta nyayo nyingi za wale wa kwanza. Humo kilitoka pia kichwa cha mtu kilichochongwa kwa jiwe.

Kisima hicho kimeitwa majina mengi. Kwanza kilikuwa bafu la Warumi. Baadaye kikawa birika la kubatizia Wakristo wa kwanza. Wako waliokihusisha na adhabu ya kuzamisha watu majini, kwa kuwa kumbukumbu za Waeire zinasema kwamba mwaka 739 Mfalme Óengus wa Wapikti alimzamisha Talorgan, mfalme wa Atholl, ingawa hazikutaja mahali. Ninaziheshimu hoja hizo. Hata hivyo, ngome iliyozungukwa na maji ya chumvi inahitaji maji ya kunywa kuliko inavyohitaji kitu kingine, na nadhani waliochonga ngazi zile walitangulia kuwaza ndoo. Heshima na ibada zingeweza kufuata baadaye. Maji matamu kwenye rasi yana baraka yake.

Je, wajua kwamba kwenye uwanja wa makaburi wa Burghead kumepatikana pia vipande vya mawe ya Kikristo yaliyochongwa na Wapikti? Ni dalili kwamba palikuwa na kanisa la mapema karibu na ngome. Fahali na msalaba viliishi jirani.

Je, wajua kwamba moto bado unawashwa juu ya ngome kila mwaka? Tarehe 11 Januari, watu wa Burghead huchukua nusu ya pipa, wakaijaza vipande vya mbao na lami, wakaiwasha na kuizungusha mitaani mabegani, kisha wakaisimamisha kwenye kilima kidogo ambacho ni salio la boma la kale. Wanaiita Clavie. Tarehe hiyo ni mwaka mpya wa kalenda ya zamani iliyoachwa nchini Britania mwaka 1752. Wakubwa walibadilisha kalenda, Burghead haikubadilisha. Vipande vilivyoungua hugawiwa majumbani kwa ajili ya bahati njema. Aliyewahi kusimama Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, kibanda cha makuti kinapochomwa na watu kuanza mwaka wao, hatahitaji kuelezwa furaha ya jioni ile.

Je, wajua ngome ya Wapikti ya zamani zaidi iliyopimwa umri wake iko wapi? Iko juu ya jabali linaloitwa Dunnicaer, kusini mwa Stonehaven, ambalo bahari imelikata na bara likabaki peke yake majini. Mwaka 1832 vijana walipanda juu, wakakuta mawe yenye alama za Wapikti, wakayatupa baharini. Baadhi yaliokotwa baadaye. Kuanzia mwaka 2015 timu ya Aberdeen ilipanda na kamba, ikisaidiwa na wapanda milima. Tarehe zilirudi za karne ya 3 na ya 4 BK, pamoja na vigae na vioo vya Kirumi. Sehemu iliyobaki ya kuchimba ni ndogo sana, kwa sababu bahari imekwisha kula nyingine.

Ngome za pwani hazikuwa za Wapikti peke yao. Je, wajua kwamba pale Dún Aonghasa, ngome ya kisiwani Inis Mór nchini Eire, waliosimika mawe yenye ncha kwa maelfu nje ya ukuta walikuwa wanamzuia adui asiukimbilie ukuta? Anayepita hapo hana budi kutazama anapokanyaga, na anayetazama chini haoni linalotoka juu. Uchimbaji wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu walikuwa wameshakaa pale, juu ya genge lile refu, kabla ya mwaka 1000 KK, na kwamba waliyeyusha shaba nyeusi na kumimina silaha katika kalibu.

Je, wajua kwamba huko Drumanagh, rasi yenye ngome kaskazini mwa Dublin, wachimbaji walipata tini iliyoungua ya karibu miaka 2,000? Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2024. Ndilo tunda la zamani zaidi kutoka nchi za mbali lililowahi kupatikana Eire. Mtini hauzai katika baridi ile ya kale, kwa hiyo tunda hilo lilisafiri kwa bahari kutoka dola ya Roma, kuja kwa watu ambao Roma haikuwahi kuwatawala.

Na Tintagel, rasi nyingine yenye ngome, huko Cornwall nchini Uingereza? Mwaka 1983 moto wa nyasi uliunguza rasi, mvua na upepo vikaondoa udongo, na misingi ya majengo mengi ambayo hakuna aliyeijua ikajitokeza. Vigae vya mitungi ya mvinyo na mafuta kutoka Mediterania, vya karne ya 5 na ya 6, ni vingi hapo kuliko mahali pengine pote nchini Britania.

Je, wajua kwamba ripoti ya uchimbaji inaweza kusubiriwa maisha ya mtu mzima? Rasi ya Trevelgue, pia Cornwall, ilichimbwa mwaka 1939. Vita vikuu vikaanza, kazi ikakatika, maboksi yakawekwa. Matokeo kamili yalichapwa mwaka 2011. Kuchimba ni kuharibu. Tabaka likishaondolewa halirudi, na kisichoandikwa kimeharibiwa mara mbili. Waliorudi kuyafungua maboksi yale na kuimaliza kazi ya mwenzao waliyemkuta ameshafariki wanastahili shukrani kubwa.

Je, wajua adui mkubwa wa ngome hizi leo? Ni ile ile bahari iliyozilinda. Kati ya mwaka 2017 na 2023 mradi wa pamoja wa Wales na Eire uitwao CHERISH ulipima rasi za pwani zote mbili kwa droni, leza na vifaa vya kusoma sakafu ya bahari, ili mmomonyoko ujulikane kwa vipimo. Ngome ya Dinas Dinlle, Wales, imekwisha kupoteza makumi ya mita. Mwaka 2019 wachimbaji waliwahi nyumba moja ya mviringo hapo, yenye upana wa mita 13 hivi na ukuta mnene wa mawe, iliyokuwa imefunikwa na mchanga karibu kabisa na ukingo wa genge.

Dunbeg, Kerry nchini Eire, haikusubiri. Dhoruba za Januari 2014 zilimomonyoa sehemu ya ngome hii ya mawe, pamoja na upande wa lango lake, zikaitupa baharini, na miaka michache baadaye kipande kingine kikafuata. Bahati ni kwamba ilikuwa imechimbwa mwaka 1977, wakati ukuta ungali umesimama. Wachimbaji wa wakati huo walikuta handaki chini ya ukuta lenye tarehe ya karibu mwaka 580 KK, na ndani ya ngome jiko la watu walioishi pale zaidi ya miaka 1,000 baadaye, katika karne ya 10 na ya 11 BK. Vipimo vyao vya 1977 ndivyo vinavyotumika sasa kueleza upande ulioanguka.